Mikono Iliyopanda Mapema

Verlyn Kucera alikuwa na miaka ishirini na sita ya uamuzi wa futiboli ya Kimarekani, ile ya kubeba mpira mikononi, kwenye shule za hapa Nebraska, na goti la kulia lililokwisha. Goti alilificha. Sisi wenzake wanne tulijua, tukanyamaza, maana ndiye aliyetufundisha kazi.

Jumamosi ile wenyeji walikuwa nyuma kwa pointi nne. Zimebaki sekunde arobaini, mpira uko yadi mbili kutoka mstari wa goli, na hilo ni jaribio lao la mwisho; wakishindwa kuuvusha, mpira ni wa wageni. Mpira ukiwa karibu hivyo, waamuzi wawili wa pembeni hawangoji kuona. Mchezo ukianza tu, kila mmoja hukimbilia mstari wa goli upande wake, autazame kwa urefu, kama fundi anavyokagua ukingo wa ubao. Kushoto alikuwa Verlyn. Kulia alikuwa Jolene Stastny, mwalimu wa hesabu, msimu wake wa kwanza nasi.

Mimi nilisimama nyuma ya goli, nikawaona wote. Jolene alifika. Verlyn alipiga hatua mbili, goti likamgomea. Mbebaji akazama na mpira kwenye rundo la miili, na Verlyn akainua mikono juu: pointi sita. Papo hapo Jolene akaingia mbio, akakita mguu nusu yadi kabla ya mstari: hajafika.

Waamuzi wawili, majibu mawili, mbele ya mji mzima. Jukwaa zima likawaka.

Mkuu wetu, Dwight Obermeyer, akatukusanya mbali na makocha. Yeye haulizi unafikiri nini. Anauliza umeona nini. Jolene akasema ameona goti la mbebaji likigusa nyasi, na hapo mchezo hufa, mpira ukiwa bado haujavuka mstari. Neno hakubadilisha.

Dwight akamgeukia Verlyn. Ningekuwa mimi, ningejitetea.

"Mpira sikuuona," Verlyn akasema. "Nimeona migongo tu. Mfuate dada, yeye alikuwa mahali pake."

Kisha akaomba aende mwenyewe kwa kocha wa wenyeji. Nilimfuata nyuma.

"Mzee, umeinua mikono, sote tumekuona," kocha akasema.

"Nimeinua, na nimekosea. Nitukane mimi. Yule mama muache."

Kocha alimtukana kweli, na hakubakiza. Wageni wakapewa mpira, wakamaliza muda, wakashinda.

Chumbani kwa waamuzi tulikula mikate ya nyama na kabichi tuliyoletewa na wazazi. Verlyn akakunja suruali; goti lilikuwa limevimba kama boga. Jolene akamwomba radhi.

"Radhi ya nini? Ungeinua mikono kwa kunifuata mimi, hapo ndipo tungegombana."

Akamwambia Dwight kwamba wiki ijayo atakaa juu kibandani, kuendesha saa ya mchezo. Dwight akamsihi amalize msimu, zimebaki mechi mbili tu. Akakataa. Watoto wa wenyeji walikuwa karibu wapewe ushindi usio wao, na sisi tulilijua lile goti tangu Agosti, msimu ulipoanza.

Jumamosi iliyofuata nilipewa upande wake. Nilichelewa mstarini mara mbili. Wakati wa mapumziko Verlyn akashuka ngazi za kibanda, moja moja, akishika reli, hadi nilipokuwa.

"Unasimama kuangalia kama uliyekata tiketi," akaniambia. "Kimbia kwanza, bwana. Utaona ukishafika."