Gari Lililobaki Madukani

Mume wangu Theuri hakununua gari kwa sababu tulihitaji gari. Alilinunua kwa sababu ya kabichi.

Mara ya kwanza tulipokwenda Kangema kumposea kijana wetu Kim, tulipanda kenta ya jirani, lori dogo lililotoka sokoni asubuhi hiyo. Ngendo, mama wa msichana, alitupokea langoni akachungulia nyuma ya kenta. "Ati mmetuletea kabichi?" Wanawake wenzake wakacheka. Mimi nilicheka pia, maana kwa kweli tulinuka kabichi. Theuri hakucheka. Miezi minne alilala na neno hilo akaamka nalo.

Siku moja akanipeleka Kerugoya kwa dalali aitwaye Hezekiah, nione gari. Lilikuwa la Kijerumani, jeusi, refu, viti vya ngozi, umri wake miaka ishirini na saba.

"Hii ilikuwa ya daktari," Hezekiah akasema. "Haijawahi lala nje."

"Na mbona iko na kutu hapa chini?"

"Hiyo ni uzee tu, mama. Hata sisi tuko nayo."

Pesa za kahawa zilikuwa za paa la jikoni, na nilikuwa nimekuja kusema hivyo. Lakini Theuri alikuwa ameshaketi kwenye usukani, mikono magotini, ametulia kama yuko kanisani. Nikamwonea huruma, nikanyamaza. Kosa langu hilo.

Siku ya ruracio, siku yenyewe ya kujadili mahari, aliliosha mara mbili. Tukatoka kwetu Gakindu, mimi na Kim nyuma, mzee Wamae, msemaji wetu, mbele. Tulipofika madukani, karibu na kwa kina Ngendo, Wamae akasema, "Simamisha hapa."

"Kwani kuna nini?"

"Theuri, wewe ni mtoto? Hii gari ikiingia kwa hiyo boma, mbuzi tisini zitakuwa mia mbili. Nani huenda ruracio na gari ya tajiri?"

Hakuna mtu wa kwetu asiyelijua hilo. Wenye magari makubwa huyaficha siku hiyo. Theuri mwenyewe amewashauri wengi hivyo, ila hasira ya kabichi ilimfumba macho. Alimtazama Kim kwenye kioo. Kim akainamisha kichwa. Basi akazima injini, akafunga milango yote, akaivuta mmoja mmoja kuhakikisha, tukakanyaga matope na viatu vya Jumapili. Nilitamani kulia kwa ajili yake.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Mugo, baba wa msichana, alikuwa mpole, na mbuzi wakabaki tisini. Tulipoaga, wenyeji wakainuka kutusindikiza. Theuri akawasihi wasijisumbue. Wakakataa, wakatufuata hadi madukani, watu kumi na wawili.

Gari likakataa kuwaka. Theuri akazungusha ufunguo tena na tena, jasho likimtoka. Ngendo akalizunguka polepole, akagusa taa.

"Kumbe mlituficha hii," Mugo akasema.

Wamae akafumba macho. Nadhani alikuwa anaomba.

Mugo akavua koti, akampa binti yake Wachuka, mchumba wa Kim. "Muthoni, weka gia ya pili," akamwambia Theuri, kwa jina tunaloitana wakwe. Akaegemeza bega nyuma ya gari. Ngendo akakunja gauni lake la sherehe, akasukuma pia, na wengine wote. Huko mteremkoni likakohoa moshi, likawaka.

Mugo akafika dirishani akihema. "Mbuzi hatuongezi. Hata wewe unahitaji kuchangiwa."

"Siku ingine mkuje na ile ya kabichi," Ngendo akasema. "Hiyo huwaka."

Nikamtazama mume wangu kwa hofu. Theuri akaanza kucheka. Alicheka hadi akalaza kichwa kwenye usukani, na Ngendo akacheka naye, mkono wake begani mwa Theuri.

Tulipokaribia nyumbani akanitazama kwenye kioo.

"Wakiuru, lakini si umeona? Wote wameligusa."

"Nimeona," nikasema. Habari za paa nikaziacha mpaka kesho.