Mume wa Kwenye Picha

Natalia alikuwa kwenye brashi, mashine ya kusafisha nyuzi, mikono imezama katika nyuzi za mkonge, mnyapara Oswald alipomletea habari: kesho atakuwa mke wa Marko.

"Wa kwenye picha tu," Oswald alisema. "Yeye askari, wewe mkewe. Anakushika mkono, unalia, anapanda lori. Mzungu wa sinema anataka watu waone vita ilivyo na heshima."

Wanawake wa brashi wakaangua kicheko. Natalia hakucheka nao. Mumewe, Mathias, alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, kweli kweli, mwaka wa pili sasa, huko kaskazini wanakopigana na Wataliano. Na Marko huyu, karani wa mizani, ndiye aliyeleta posa kwao kabla ya Mathias, ikarudishwa. Gari la sinema nalo, linalozunguka kuonyesha watu picha, halilali mahali pamoja. Likitoka Kilosa litakwenda Mikumi kwa mama mkwe, kisha picha zipelekwe kambini kwa askari. Mathias ataketi chini na wenzake, amwone mkewe mkononi mwa Marko. Nani atamwambia ni mchezo? Picha haina neno "eti".

Mchana alimfuata Oswald penye korona, mashine ya kukamua majani ya mkonge, ikinguruma.

"Shikamoo, mzee. Mimi sitaweza."

"Marahaba. Asiyeweza afungashe virago. Vyumba vya kambi ni vya wanaosikia."

Natalia akaenda bombani, akarudi na ndoo tupu. Akainjika ugali, ukaungua. Jua halijazama akasimama mlangoni kwa Yohana.

Yohana alikuwa Mnyamwezi, mkata mkonge, mtani wa Wasagara wote pale kambini. Siku ya kumzika baba yake Mathias, Yohana alilala ndani ya kaburi, hatoki mpaka apewe jogoo, na akapewa.

"Mke wangu, umekonda!" alisema. "Yule Msagara amekuachia njaa?"

"Kesho nitanie hivyo hivyo, Yohana, mbele ya mashine ya Mzungu." Akamweleza yote. "Nikishikwa na Marko, ndoa yangu imekwisha. Nikishikwa na wewe, Mathias atacheka mpaka ajipige mapaja."

"Atacheka, halafu atanidai mbuzi. Nitakuja."

Asubuhi Marko alivaa sare, akamshika mkono. Natalia akakauka kama gogo. Mara ya pili, gogo. Mara ya tatu Mzungu akavua kofia na kujifuta jasho.

"Machozi hayaji kwa huyu," Natalia alimwambia Oswald. "Mwambie anipe yule mrefu pale."

Marko akavua sare kwa hasira. Yohana akaivaa, kofia ikamshukia machoni, mikono ya shati ikaishia kwenye viwiko. Mashine ikaanza kulia tiki-tiki. Akamshika Natalia mkono kwa adabu, kisha akachota majivu mfukoni, akampaka uso mzima. Natalia akamtwanga kwa furushi la askari alilopewa kushika. Kambi nzima ikalipuka kwa vicheko, na moyo wa Natalia ukatua.

Haukutua muda mrefu. Mzungu alisema maneno, Oswald akayatafsiri akitabasamu. "Hakukasirika. Upuuzi wenu ataukata kwa mkasi. Atabakiza pale mliposhikana mikono."

"Na uso wa Yohana?"

"Ulikuwa chini ya kofia. Unaoonekana ni wako."

Basi Mathias ataona sare tu, na mkono wa mwanamume asiye na uso.

"Nawa haraka," Oswald alisema. "Bado picha moja. Lori linaondoka, wewe peke yako unalitazama."

Natalia alinawa, akasimama. Lori likaondoka. Mashine ile ilishika uso, haikushika sauti, hilo alilijua. Basi hakulitazama lori. Aliitazama mashine katikati ya jicho lake, machozi yakimtiririka bila kuombwa, akatamka polepole, akipanua midomo kama anayemfundisha mtoto: "Mathias. Ni Yohana. Ni mtani wetu Yohana. Mathias."

Mzungu akapiga makofi.

"Hii nayo ataikata?" Natalia aliuliza.

"Aikate?" Oswald alisema. "Anasema hii ndiyo bora kuliko zote. Anasema hata asiyejua lugha yetu ataelewa."

Natalia alirudi kwenye brashi. Alishika nyuzi, akaziacha, akazishika tena. Midomo yake ilikuwa bado inatamka, akiipima: asiyesikia sauti, je, ataona "Yohana", au ataona mwanamke analia tu?