Vifungo vya Koti

...vitatu au thelathini, vidole vya fundi vilikuwa tayari juu ya bakuli la vifungo, vidogo vya shati upande huu, vikubwa vya koti upande ule, wafalme watatu na malkia wawili mkononi, karata ambazo hajawahi kuzishika tangu waanze kucheza poka hapa kwenye meza ya kukatia vitambaa, tulia, tulia wewe, akiweka vitatu shemeji atakimbia, maana shemeji amemsoma zamani, anajua fundi akiwa na karata nzuri huweka kidogo kama anayenyunyiza chumvi, na akiwa mtupu ndipo humwaga vyote kwa mbwembwe, "Shemeji, unacheza au unasali?", anacheka yule, vifungo vyake vimebaki vinne, na kando yake ufunguo wa cherehani ya kudarizi, aliuweka mwenyewe, vifungo vikiisha nakufuata na huu, ukishinda cherehani ni yako, alisema, kana kwamba ni yake, cherehani ya dada, dada aliyemfundisha fundi kushona akiwa bado wa miaka tisa, akamshika kidole, polepole, sindano haina haraka... basi leo thelathini, vyote, mwaga kwa mbwembwe, shemeji atadhani ni yale yale, atausukuma ufunguo kwa mkono wake mwenyewe, na watoto wa dada wanakula kwa cherehani ile, lakini si atamrudishia, kesho tu atambebea hadi mlangoni, shika dada, mwambie mumeo aache karata, litakuwa funzo, ndiyo, funzo zuri, "Nakungoja, shemeji", jua la saa kumi linaingia dirishani, linaangukia pale sakafuni, mahali peupe pasipo na kitu, penye mwanga mzuri wa kudarizi... nani alipaacha wazi pale, si palikuwa na kabati, kabati la nguo za wateja, miaka yote, na leo asubuhi, kabla hata ya kufungua duka, fundi mwenyewe alilisukuma hadi ukuta wa pili, peke yake, akajiambia anafagia, akafagia kweli, na mgongo bado unamuuma, Mungu wangu, tangu asubuhi, kabla ya karata yoyote... na vidole bado viko juu ya bakuli, vitatu au thelathini, na shemeji anatabasamu, anangoja.