Magunia Matano ya Ukoka

Majirani walimpachika jina la Palizi, naye hakulikataa. Kwa miaka arobaini mzee huyo hakugombana na mtu. Ugomvi wake wote ulikuwa na ukoka. Ulitambaa chini kwa chini kutoka mpakani, ukaibukia katikati ya mahindi na kula mbolea isiyo yake. Kuukata kwa jembe ni kuuzidisha, maana kila kifundo huota mizizi. Kwa hiyo Palizi aliung'oa kwa mikono, uzi kwa uzi, akauanika juu ya mawe mpaka ukauke kabisa. Mkewe alizoea kusema kwamba hajawahi kumwonea wivu mwanamke yeyote, ila ukoka.

Jumamosi moja kitinda mimba wao akaingia nyumbani na magunia matano matupu. Binti huyo alikuwa ameajiriwa chuoni kutunza uwanja wa mpira, uwanja wa udongo mtupu ambao wachezaji walitoka wamechunika magoti. Mara mbili alikuwa amepanda mbegu za nyasi za dukani. Za kwanza zilichukuliwa na mvua, za pili na sisimizi.

"Baba," akasema baada ya salamu, "naomba ukoka."

Palizi akadhani masikio yamemdanganya, akamtaka arudie. Aliporudia, mama mtu, aliyekuwa akipepeta maharage, aliweka ungo chini akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Nimekusomesha," mzee akasema polepole, "ukapande ukoka?"

"Na mshahara nalipwa, Baba."

Mzee akatangulia shambani. Wakang'oa pamoja mpaka magunia yakajaa, na siku ya pili yake mzee akafuatana na bintiye chuoni. Alisema anamsaidia mizigo tu. Ukweli ni kwamba alitaka kuuona wazimu huo kwa macho yake.

Uwanjani alikaa kwenye benchi la wachezaji wa akiba, mikono kifuani, akimtazama bintiye akilaza kamba ndefu za ukoka juu ya udongo. Alijitahidi kunyamaza. Lakini kazi mbovu hakuwahi kuivumilia maishani mwake, hata ikiwa ni ya adui.

"Utaukausha huo," akasema hatimaye. "Unafikiri mimi nauua vipi? Hivyo hivyo, kwa kuuacha juu juani."

Akainuka, akachukua panga, akaukata vipande vya vifundo vitatu vitatu. Viwili vinafukiwa, kimoja kinabaki nje, kisha unakandamiza kwa kisigino. Akamwambia amwagilie asubuhi na jioni kwa wiki mbili za mwanzo. Nyuma ya goli, penye mti mkubwa, alimkataza kupanda hata kipande kimoja: ukoka haupendi kivuli, ndiyo maana haukuwahi kukanyaga kwenye migomba yake.

"Kumbe unaujua hivi," binti akasema, akipangusa jasho.

"Usiyemjua utamshindaje?"

Tangu hapo mzee hakukosa Jumapili. Wiki ya tatu vipande vikaanza kurushiana kamba, huku na huku, kama majirani wanaoombana chumvi. Binti alitaka kuuacha urefuke upendeze. Baba akamwambia aufyeke, kwa kuwa ukikatwa kichwa hulala chini na kutambaa pembeni. Akaufyeka, ukatambaa. Mwezi wa nne tangu kupanda, mabaka yakaungana, na pale kivulini wakamwaga kokoto na kuweka mabenchi ya watazamaji.

Siku ya mechi ya kwanza Palizi alivaa shati lake la harusi za watu. Uwanja mzima ulitazama mpira. Yeye alitazama ukoka uliokuwa chini yake. Mchezaji mmoja alikwatuliwa, akateleza hatua tatu kifudifudi, akainuka bila hata mkwaruzo. Mzee akajikuta anapiga makofi peke yake, watu wakimgeukia, maana hakukuwa na goli.

Mwalimu wa michezo alikuja kumpa mkono. Alimshukuru, akamweleza kwamba chuo kinataka na uwanja wa netiboli mwakani, na binti yake ndiye atakayeusimamia. Shida ni mbegu tu: wangepata wapi ukoka mzuri kama huu?

"Leteni magunia," Palizi akasema. "Kwangu hauishi."