Joto la Mama kwenye Dashibodi

Sensa yenyewe ilikuwa ndogo, unene wa kidole gumba, na ilitakiwa kukaa kwenye tundu la chini la giaboksi, lile la kutolea mafuta machafu. Fundi alilala chali chini ya gari la kaka yake, akafuta tundu kwa kitambaa, akaizungusha sensa kwa mkono mpaka ikakataa, kisha akaimalizia kwa spana. Aliikaza kiasi tu. Giaboksi ni ya aluminiamu, ukiiletea ubabe inapasuka na unabaki kushika kichwa.

Kaka yake alikuwa dereva wa mbio. Watu walimwita Umeme. Gari lake lilishakula giaboksi mbili kwa joto: mafuta yanachemka katikati ya mashindano, hakuna anayejua, mpaka harufu ya kuungua imfikie puani, na hapo tena hakuna cha kuokoa. Ndiyo maana akataka geji ya joto kwenye dashibodi, ajue mapema.

Gereji ilikuwa uani, imeegemea ukuta wa chumba cha mama yao. Mama aliumwa mapafu, ugonjwa uliokataa kumtoka, na mama mdogo alikuwa amehamia pale kumuuguza. Kitanda cha chuma cha mama kilisukumwa hadi dirishani ili apate hewa. Fundi naye alikuwa na mazoea yake mabaya. Kila akijaribu umeme wa gari alikusanya nyaya zote za hasi kwenye nondo za dirisha lile, kwa sababu kukwangua rangi ya bodi ili waya ushike chuma kulimtia uvivu.

"Unafunga nini?" mama aliuliza kutoka kitandani. Mkono wake ulikuwa umeshika nondo.

"Kipimo cha joto, mama. Cha giaboksi."

"Haya. Kaka yako akija, mwambie apite ndani anione."

Umeme alifika uani karibu kila jioni. Alilizunguka gari, akapiga matairi teke, akaondoka. Kutoka kwenye boneti hadi kwenye mlango wa mama hapakuwa na safari. Siku nyingine alisema mikono yake ni michafu, siku nyingine ana haraka. Ukweli ni kwamba aliogopa kumwona mama yake amekonda, na badala ya kusema anaogopa, alikuwa anasema habari za matairi.

Geji ilipowashwa ikaonyesha nyuzi thelathini na nane, wakati injini ilikuwa imelala tangu juzi. Fundi alikwangua rangi, akahamishia waya kwenye bodi, akaitoa sensa akaitumbukiza kwenye kikombe cha maji ya moto. Ikasoma maji vizuri kabisa. Akairudisha kwenye giaboksi, ikasoma thelathini na nane. Ndipo mama mdogo akatoka chumbani na kipimajoto mkononi.

"Thelathini na nane," alisema. "Homa imerudi."

Fundi akaangalia geji, akaangalia dirisha, akaokota zana zake.

Jioni alimweleza kaka yake. Umeme aliendesha gari hadi mwisho wa mji na kurudi, na mshale wa geji haukutoka kwenye thelathini na nane; ulimfuata mama, si mafuta.

"Sawa," alisema. "Iache hivyo hivyo."

"Na giaboksi?"

"Hiyo nitainusa, kama zamani."

Basi akaacha hata kuja uani. Gari alilihamishia kwake, na habari za mama akawa anazipata kwenye dashibodi. Alipiga simu mara kwa mara: mpeni dawa, amefika thelathini na tisa, mfunikeni, anashuka. Hakukosea hata mara moja. Majirani walimsifu kwamba ni mtoto anayejali, na mama mdogo akaendelea kubadilisha mashuka.

Mama alipoambiwa, hakushangaa. Aliomba blanketi la pili. Kisha akaomba atolewe akakae juani, na akakaa huko mpaka jasho likamtiririka shingoni.

"Sasa ataona nimechemka," alisema. "Atakuja."

Simu ikalia. "Mtoeni juani," Umeme alisema, akakata.

Fundi angeweza kuing'oa ile sensa. Alijua hivyo, na ilimuuma kila alipopita mlangoni kwa mama. Lakini Umeme ndiye aliyemlea baada ya baba yao kufariki, alimvisha, alimnunulia spana za kwanza, na mdomo wa fundi haukuwahi kuzoea kumwambia kaka hapana. Akawa anajiambia kesho. Mtu akisema kesho mara nyingi hivyo, ameshaamua.

Siku ya mashindano makubwa fundi alibaki nyumbani. Pumzi ya mama ilikuwa imekuwa fupi.

"Ananiona?" mama aliuliza.

"Anakuona, mama."

Akamwomba mama mdogo amfute uso na kumfunga kitambaa safi kichwani. Akalala vizuri, kama mtu anayepigwa picha. "Basi asikimbie sana," alisema. Hakusema tena kitu.

Kule uwanjani mshale ulianza kushuka, taratibu, bila kurudi. Umeme aliuona. Baadaye alisimulia mwenyewe, bila kuficha, kwamba aliuona kila alipokata kona, na mizunguko ilikuwa bado mingi. Aliimaliza yote. Giaboksi ilinuka lakini ikafika, naye akashika nafasi ya tatu.

Aliporudi alikuta watu wameshakaa matanga uani. Alipita katikati yao na ovaroli lake la mbio.

"Sikumwacha peke yake," aliwaambia. "Nilikuwa naye mpaka mwisho."

Wengi waliitikia kwa kichwa. Fundi akamletea kiti.

Baada ya mazishi geji ilitulia kwenye joto la udongo, mchana na usiku, mvua na jua. Umeme huwa anakaa ndani ya gari milango imefungwa, anaitazama, halafu anaenda zake. Kaburini hajafika. Anasema hakuna haja.

Mvua zilipokwisha, mama mdogo akaanza kukohoa, akalazwa kwenye kitanda kilekile. Umeme alileta gari uani pamoja na kiboksi kidogo chenye sensa mpya.

"Mama mdogo naye hali si nzuri," alisema. "Nifungie nyingine."

"Yuko macho, kaka. Mlango uko wazi."

"Nina haraka leo."

Fundi alichungulia giaboksi. "Limebaki tundu la kujazia tu. Nikiliziba, mafuta hayatakuwa na pa kuingilia."

"Lizibe."

Fundi akachukua spana. Kisha akalala chali, akaingia chini ya gari.