Nondo wa Kwenye Chupa ya Jamu

Siku ile mjinga alikuwa fundi saa mwenyewe, tusimtafutie wakili. Mtu aliyezoea kuhesabu meno ya kijigurudumu cha saa kwa kioo cha jichoni alishindwa kuona kilichokuwa mbele ya pua yake.

Tangu mkewe afariki, kazi yake ilikuwa kutambua nondo. Waliosalia ukutani asubuhi, chini ya taa ya kibarazani, aliwachungulia mmoja mmoja, akawatafuta kitabuni, kisha akawatajia majina yao kwa sauti. Hapakuwa na mwingine wa kumwambia neno.

Dada yake mkubwa alikwisha kumwandalia chumba kwake. Fundi akapiga danadana: alikuwa na kiwavi kwenye chupa ya jamu, kajifungia ndani ya mfuko wa vijiti. "Akitoka na mabawa nikamjua ni nani, nahama, dada."

Kiwavi hakutoka. Badala yake, mchana mmoja, vinondo vyeusi viliingia dirishani vikang'ang'ania wavu uliofunika chupa. Fundi akavitimua kwa gazeti. "Nendeni kwenu, wahuni, msinivurugie kazi." Kesho yake vikaja tena, akavitimua tena. Baada ya hapo, kimya.

Siku ile dada alikuja kuchukua jibu, akaketi na mkoba magotini. Fundi, kwa aibu ya kungoja bure, akaupasua mfuko kwa mkasi. Ndani mlikuwa na kitu kikavu kama funza, bila hata bawa moja. Akafungua kitabu, ukurasa aliouruka siku zote kwa kuwa picha zake hazikumvutia. Jike wa aina hiyo hana mabawa. Huishi na kufa mfukoni mwake. Huwaita madume kwa harufu, nao humfuata hapo alipo.

"Kumbe wale walikuwa wachumba," alisema polepole.

"Na baba mkwe akawapokea kwa gazeti." Dada alicheka, akaona anacheka peke yake. "Haya, nondo wako keshajulikana. Funga nguo zako twende."

"Nimeshazoea hapa, dada. Mtazame huyu. Kaishi humu peke yake mpaka mwisho, na hakumsumbua mtu."

Dada akachukua kile kioo cha jichoni, akamwinamia yule mfu, akamtazama kwa muda.

"Mwenzio kanyimwa mabawa, mdogo wangu. Wewe umenyimwa nini?"