Kosa la Heriberto Zulueta

Odalis Zulueta alikuwa daktari wa meno, na katika mji wa Amparo hapakuwa na mwanamume ambaye yeye hakuwahi kumshika taya. Ndiyo maana Jumapili ile, alipovuka barabara kuingia bustanini, wazee wa benchi la besiboli walijiweka sawa. Haikuwa heshima. Waliogopa mdomo wake kuliko koleo lake.

Baraza lile la mashabiki hukutana kila asubuhi mbele ya sanamu isiyo na pua, na kazi yake ni moja tu, kubishana. Hubishana kama watu wanaotaka kukunjana mashati, halafu hugawana kahawa ya chupa moja. Safari hii ubishi ulikuwa na matokeo. Kiwanda cha sukari kilikwisha kufungwa zamani, timu yake ikafa nacho, na sasa ilikuwa imepatikana rangi ya buluu, Mungu anajua wapi, ya kuwachora wachezaji tisa bora wa timu ile kwenye ukuta wa uwanja. Mchoraji angeanza kesho yake. Nafasi nane zilikwisha kupata wenyewe. Iliyobaki ni ya yule mlinzi anayesimama kati ya kituo cha pili na cha tatu, na hapo ndipo baba yake Odalis aliposimama tangu ujana mpaka goti lilipomgomea.

Mzee Heriberto alikuwa nyumbani kwenye kiti chake cha bembea, mapafu yakimsumbua. Hakuomba chochote. Asubuhi hiyo aliuliza tu, macho yake kwenye kikombe, "Leo ndiyo wanachagua, siyo?" Swali hilo ndilo lililomvalisha Odalis viatu.

"Umechelewa, Daktari," alisema Nivaldo, mwenyekiti wa baraza, mhasibu mstaafu aliyeamini takwimu kuliko macho yake. "Ni Quiala. Hakuna mlinzi aliyeandikiwa makosa machache kama yeye. Baba yako ana makosa mara mbili yake."

"Quiala, Mungu amrehemu, alikuwa hasogei," alisema Odalis. "Mpira ukipita pembeni yake kidogo tu, anausindikiza kwa macho kama mgeni anayeaga. Karani wa mechi anaandika pigo halali la mpigaji, lawama anabeba mrushaji, Quiala anabaki msafi. Baba alikuwa anaukimbilia, anajitupa, anaugusa. Ukimponyoka, kosa. Sasa niambie, asiyefika harusini atavunja sahani ya nani?"

"Namba hazina shangazi wala mjomba."

"Zinaandikwa na watu, Nivaldo. Na watu wana mashangazi."

Wachache walicheka. Chucho, fundi wa baiskeli, aliyekuwa ameshika shavu lake kwa maumivu, alisema kwa upande mmoja wa mdomo, "Mwacheni amtetee Mikono ya Sabuni wake."

Damu ilimchemka Odalis. Jina hilo la kumkejeli baba yake alilisikia kwanza akiwa darasa la pili, mtoto mmoja alipoangusha chungwa makusudi mbele yake na darasa zima likaangua kicheko. Lilitokana na mechi moja tu, ile ambayo Crescencio Valdivia alirusha mwanzo hadi mwisho bila mpigaji hata mmoja wa timu pinzani kupata pigo. Amparo haikuwahi kupata sifa kama hiyo kabla wala baadaye. Kila mwaka, tarehe ile ikifika, hupikwa supu ya kichwa cha nguruwe palepale bustanini na mechi husimuliwa upya. Na kila msimulizi akifika pale mpira ulipomponyoka Heriberto, watu hufunika macho, eti alikaribia kuharibu kila kitu. Watu ambao hawakuwa wamezaliwa wanajua kuigiza mikono yake.

"Sawa, tuzungumzie mechi hiyo," alisema Odalis. "Mpira ule ulipigwa kama risasi, ukaruka vibaya kwenye changarawe. Hakuna binadamu angeudaka. Lilikuwa pigo. Lakini karani akiandika pigo, sifa ya Crescencio imekwisha. Akiandika kosa la mlinzi, sifa inabaki. Akaandika kosa. Mlimchinja baba yangu mpate supu."

"Ulikuwepo wewe?" aliuliza Chucho.

"Sikuwa nimezaliwa. Na wewe ulikuwa mjini Camagüey unakimbizwa na wakwe zako. Tumuulize aliyekuwepo."

Mrushaji mwenyewe alikuwa mwisho wa benchi. Mzee Crescencio hakuwa msemaji. Alikuja kila siku, akanywa kahawa aliyopewa bure, akasikiliza wengine wakimsifu. Odalis alienda akasimama mbele yake.

"Mzee wangu, nakuuliza kwa heshima zote. Lile lilikuwa pigo au kosa?"

Crescencio alivua kofia, akaizungusha mikononi.

"Pigo," alisema. "Tena la wazi, mwanangu. Mpira ungepita hata baba yako angekuwa na mikono minne. Nilimwona karani anasitasita, nikaomba Mungu aandike kosa. Akaandika. Na mimi nimekunywa kahawa ya bure tangu siku hiyo."

Odalis alivuta pumzi. Alidhani sasa watu watainamisha vichwa.

"Umesahau, mzee," alisema Chucho.

"Na kwa kweli," Nivaldo aliongeza kwa upole wa kuudhi, "ulikuwa umegeuka ghafla kuufuata mpira. Mtu akigeuka ghafla haoni sawasawa."

"Ni sukari hiyo, inamsumbua siku hizi," alisema mwingine nyuma.

"Mimi ndiye niliyeurusha," alisema Crescencio.

"Kurusha ni kitu kimoja, mzee, na kujua ni kingine," alisema Nivaldo. "Rekodi inasema kosa."

Crescencio aliwatazama kama mtu anayeambiwa kwamba mke wake si mke wake. "Basi msinichore na mimi," alisema.

"Haiwezekani. Wewe ulirusha mechi isiyo na pigo."

Wakapiga kura kwa mikono, Quiala akapita. Mikono haijashuka vizuri, ubishi mwingine umekwisha kuwaka: katika wale tisa, ambao wengi wao walikuwa makaburini, nani apangwe kupiga wa kwanza. Odalis aliwatazama kwa hasira. Watu wazima, wenye wajukuu, wamepewa ukweli mkononi na aliyeutenda, na wameutupa kwa sababu ungewaharibia sherehe.

"Chucho," alisema, "lile jino lako. Jumanne usije."

"Linauma, Daktari. Sijalala."

"Faili lako linasema ni zima. Mimi ni nani nibishane na faili?"

Akaondoka. Crescencio alikuwa ameinuka naye, akamshika mkono mpaka ukingo wa bustani.

Nyumbani, bembea ilikuwa ikilia taratibu.

"Nani?" aliuliza Mzee Heriberto.

"Quiala."

Mzee alitikisa kichwa kukubali. "Alikuwa na mkono mzuri wa kurusha yule." Odalis angeweza kupasua sahani.

"Baba, Crescencio amesema lilikuwa pigo."

Bembea ikasimama. "Amekuambia wewe?"

"Amewaambia wote. Bustanini."

"Nivaldo alikuwepo?"

"Alikuwepo. Crescencio amesema mpira ungepita hata wewe ungekuwa na mikono minne."

"Sema tena."

Alisema tena. Mzee aligeuza viganja vyake juu mapajani, akavitazama kwa muda, na machozi yakamtoka bila yeye kuyafuta. Odalis alihisi ile hasira ya tangu darasa la pili ikianza kumshuka kifuani. Ukuta wao wachore wanavyotaka.

"Crescencio ni mtu mwema," alisema Mzee Heriberto mwishowe. "Lakini mikono minne ya nini? Miwili ilitosha. Ule mpira ulikuwa wa kudakwa."

"Baba."

"Nilichelewa kidogo tu. Niliusikia kwenye ngozi ya glavu. Ulikuwa wangu."

"Lilikuwa pigo, baba. Aliyerusha amesema."

"Aliyerusha alikuwa amegeuka ghafla. Anajua nini?" Alikuwa anatabasamu, na bembea ilianza tena kulia. "Tia kahawa, mwanangu, uketi nikueleze."

Odalis alitia kahawa. Kisha akavuta kiti mpaka magoti yao yakagusana, akapandisha mikono ya blauzi yake, na kuanza kubishana naye.